Historia ya Usalama wa Mwuzaji wa Usiku

Sogeeni karibu na redio, na kila mmoja awe na daftari na kalamu yake. Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya mtu mnayemjua wote: mwuzaji wa usiku.

Mwuzaji wa usiku ni nani? Ni yule kijana anayesimama kando ya pampu ya petroli, mahali ambapo wengi wetu tunapaita sheli, wakati wewe umelala. Ni yule mama aliye nyuma ya kaunta katika duka linalofungwa saa sita za usiku, au lisilofungwa kabisa. Ukiishiwa mafuta njiani usiku, au mtoto akilia maziwa, huyo ndiye unayemwendea.

Mwanakisomo mmoja, mama mtu mzima anayefanya kazi ya zamu katika kituo cha petroli, aliniuliza swali baada ya darasa. Alisema, "Mwalimu, kazini tunaambiwa tuwe hodari. Sasa wakija wanyang'anyi usiku, uhodari wangu utanifaa nini?" Sikumjibu siku ile. Nilimwambia kwamba nitatafuta habari kwanza. Somo hili ni jibu langu kwake. Nawe msikilizaji, hata kama huuzi petroli, sikiliza, kwa maana pengine mwanao au ndugu yako anaifanya kazi hiyo.

1. Kazi hii ilianzaje?

Mwaka 1888 bibi mmoja wa Ujerumani, jina lake Bertha Benz, alisafiri kwa motokaa iliyobuniwa na mumewe. Njiani mafuta yakapungua. Je, aliyanunua wapi? Aliyanunua kwa mwuza dawa, katika mji mdogo uitwao Wiesloch. Siku zile hapakuwa na pampu wala kituo cha petroli. Mafuta ya namna ile yaliuzwa kwa chupa, nayo yalitumika kuondoa madoa katika nguo. Maduka ya siku zile yalikuwa katikati ya watu, na kwa kawaida yalifungwa jioni.

Motokaa zilipoongezeka, biashara ikabadilika. Mwezi wa Desemba mwaka 1913, kampuni ya Gulf ilifungua kituo cha petroli katika mji wa Pittsburgh, Marekani. Kituo hicho kilijengwa kando ya barabara kwa ajili ya motokaa, nacho kilikuwa wazi usiku kucha. Dereva aliingia, akajaziwa mafuta, akatoka.

Maduka ya usiku nayo yana historia yake. Mwaka 1927, katika mji wa Dallas, kulikuwa na kampuni iliyouza barafu. Watu walinunua barafu ili chakula chao kisioze. Mwuza barafu mmoja aliona kwamba jioni, na siku za Jumapili, watu hukosa mahali pa kununua vitu vidogo vidogo. Akaanza kuuza maziwa, mikate na mayai pale pale penye barafu. Wateja wakafurahi, na maduka ya namna hiyo yakazidi kuongezeka. Mwaka 1946 yalipewa jina la 7-Eleven, maana yake saba na kumi na moja, kwa sababu ya saa za kufungua na kufunga. Kwa hesabu yetu ya Kiswahili, ni kutoka saa moja asubuhi mpaka saa tano usiku. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, duka lao moja katika mji wa Austin likaanza kuuza usiku kucha.

Kisha mwaka 1964, katika jimbo la Colorado, ilianza kutumika mashine iliyomwezesha mtu aliye ndani ya duka kufungulia pampu zilizo nje. Dereva alijaza mafuta mwenyewe, kisha akaingia ndani kulipa. Hivyo kituo kilichohitaji watu kadhaa kikaweza kuendeshwa na mtu mmoja tu.

Hapa tusimame kidogo. Tazama jinsi mambo yalivyokuja kidogo kidogo. Kwanza, duka limetoka katikati ya watu, limekwenda kando ya barabara. Pili, limekuwa wazi usiku. Tatu, lina fedha taslimu. Nne, lina mtu mmoja tu. Kila jambo peke yake lilikuwa na faida, kwa mteja au kwa mwenye duka. Lakini yakichanganywa yote manne, nani anayefaidi? Mnyang'anyi. Anaingia upesi, anamkuta mtu yu peke yake na fedha, na barabara ya kukimbilia iko mlangoni. Wauzaji wengi wa Marekani waliporwa, na wengine waliuawa. Mwaka 1993 idara ya serikali ya Marekani inayochunguza usalama wa kazi ilitoa onyo juu ya mauaji ya watu makazini. Wafanyakazi wa vituo vya petroli walitajwa miongoni mwa wale walio katika hatari kubwa, pamoja na madereva wa teksi.

2. Funzo la mabasi

Kabla ya kuendelea na maduka, tuangalie kidogo mabasi, kwa sababu funzo moja kubwa lilionekana huko mapema.

Zamani madereva wa mabasi katika miji ya Marekani walibeba fedha za chenji. Wanyang'anyi walilijua jambo hilo. Mwaka 1968, katika mji wa Washington, dereva mmoja aliuawa na wanyang'anyi. Wenzake wakakataa kubeba chenji usiku. Ndipo ukawekwa utaratibu mpya. Abiria alitakiwa kuja na nauli kamili, akaitia katika sanduku la chuma, na dereva hakuwa na ufunguo wa sanduku hilo. Miji mingine ikafuata, na unyang'anyi wa madereva wa mabasi ukapungua sana.

Hebu fikiri. Madereva hawakupewa bunduki, wala hawakuambiwa wawe hodari zaidi. Kilichoondolewa ni fedha. Mnyang'anyi alipojua kwamba dereva hana kitu, hakuona sababu ya kumwendea.

3. Wanyang'anyi wanaulizwa

Katika miaka ya 1970, wataalamu wa chuo kimoja cha uchunguzi huko California walishirikiana na kampuni yenye maduka ya 7-Eleven. Walifanya jambo ambalo wengi hawakulifikiria. Waliwatafuta watu waliowahi kufungwa kwa unyang'anyi, wakawauliza, "Wewe ukitaka kupora duka, unatazama nini?"

Majibu yao yalishangaza. Wenye maduka wengi walidhani kwamba mnyang'anyi huogopa sana bunduki au kengele. Lakini watu wale walisema kwamba mambo makubwa wanayotazama ni mawili: kuna fedha kiasi gani, na njia ya kutorokea iko wapi. Tena hawapendi mahali wanapoweza kuonekana na watu wa nje.

Basi wataalamu walichagua maduka 60 wakayabadilisha, na maduka mengine 60 yanayofanana nayo wakayaacha kama yalivyokuwa. Ninyi wakulima mnaielewa njia hii. Ukitaka kujua kama mbolea inafaa, unaitia katika shamba moja, na la pili unaliacha, kisha unalinganisha mavuno.

Walibadilisha nini? Sikilizeni vizuri, na wasimamizi waandike ubaoni.

Waliondoa mabango na matangazo yaliyoziba madirisha, ili mtu aliye barabarani aone ndani, na aliye ndani aone nje.

Waliongeza taa nje ya duka.

Waliweka kaunta ya fedha mahali panapoonekana kutoka barabarani.

Waliacha fedha kidogo tu kwenye kaunta. Nyingine zilitiwa katika kasha la chuma lenye tundu, ambalo mwuzaji hawezi kulifungua. Mlangoni waliweka tangazo la kusema hivyo, ili mnyang'anyi asome kabla hajaingia.

Mwisho, waliwafundisha wauzaji. Mnyang'anyi akija, usibishane naye, usifanye jambo la ghafula, mpe anachotaka, mwache aende. Wala usimfuate nje.

Mwaka 1975 matokeo yakaandikwa. Maduka yaliyobadilishwa yaliporwa mara chache kuliko yale yaliyoachwa. Mwaka uliofuata kampuni ikaanza kueneza mpango huo katika maduka yake mengine.

Ndugu zangu, angalieni hapa jambo moja. Tangazo lile la mlangoni lilimlinda mwuzaji kwa sababu mnyang'anyi alijua kusoma. Hata yeye! Basi msichoke na kisomo.

4. Mji wa Gainesville unatunga sheria

Kampuni moja ikikubali mpango mzuri, je, na nyingine zikikataa? Hapo ndipo inapoingia sheria.

Gainesville ni mji wenye chuo kikuu katika jimbo la Florida. Polisi wa mji ule walihesabu maduka ya namna hii, wakaona yako 47. Kati ya hayo, 45 yalikuwa yameporwa angalau mara moja tangu mwaka 1981 mpaka 1986. Maana yake ni kwamba maduka mawili tu yalisalimika.

Baraza la mji likatunga sheria mwaka 1986. Madirisha yawe wazi, taa ziwepo, fedha za kaunta ziwe kidogo, liwepo kasha la chuma, iwepo kamera, na wauzaji wafundishwe. Mwaka 1987 likaongezwa jambo zito zaidi: tangu saa mbili usiku mpaka saa kumi alfajiri, duka liwe na wauzaji wawili, au lifungwe.

Wenye maduka walilalamika. Walisema kwamba kulipa mishahara miwili badala ya mmoja ni hasara. Polisi wakasema kwamba unyang'anyi katika maduka yale umepungua zaidi ya nusu. Lakini mtaalamu aliyefanya kazi kwa niaba ya wenye maduka alijibu kwamba umepungua kwa sababu wanyang'anyi wachache waliokuwa wakisumbua mji walikamatwa, wala si kwa sababu ya wauzaji wawili.

Nani alisema kweli? Wataalamu wamebishana sana juu ya jambo hili. Mimi nawaambieni ubishi huu kwa makusudi, kwa sababu msomaji wa historia hasikilizi upande mmoja tu. Jimbo lote la Florida lilipotunga sheria yake katika miaka ya 1990 lilichukua njia ya kati. Kila duka la usiku liwe na taa, kasha la chuma, kamera na madirisha wazi. Hata alama za kupimia urefu ziwekwe mlangoni, ili mwuzaji aweze kuwaambia polisi kimo cha mnyang'anyi. Lakini duka lililowahi kupatwa na uhalifu mkubwa lilitakiwa kuongeza jambo moja zaidi usiku: wafanyakazi wawili, au kioo kisichopenya risasi, au mlinzi, au kufunga mlango na kuuza kwa kupitia dirishani.

Baadaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha North Carolina walilinganisha mahali pa kazi ambapo mtu aliuawa na mahali ambapo hakuuawa mtu. Mwaka 2002 walitoa habari kwamba taa kali za nje, na kutomwacha mfanyakazi peke yake usiku, ni mambo yaliyokwenda pamoja na kupungua kwa mauaji. Mwaka 2005 walitoa habari nyingine. Mahali ambapo wafanyakazi waliruhusiwa kuwa na bunduki, hatari ya mfanyakazi kuuawa ilikuwa kubwa kama mara tano au zaidi kuliko mahali ambapo silaha zote zilikatazwa. Basi wale wasemao, "Mpeni mwuzaji bunduki, atajilinda," na waifikirie habari hiyo.

5. Dola 12 na senti 30

Sasa nawapeleka Kanada, katika jimbo la British Columbia. Habari hii ni ya huzuni.

Usiku mmoja wa mwezi wa Machi 2005, kijana wa miaka 24 alikuwa kazini peke yake katika kituo cha petroli. Gari likaja, likajazwa mafuta ya dola 12 na senti 30, kisha likaondoka bila kulipa. Kijana alijaribu kulizuia. Gari likamkumba, likamburura kwa kilometa 7 na nusu. Akafa.

Dola 12 na senti 30. Andikeni tarakimu hizo katika madaftari yenu, kisha mziangalie. Je, hiyo ndiyo bei ya mtu?

Wazazi wake hawakukaa kimya. Walikwenda kwa viongozi, wakasema na watu wa magazeti, wakadai sheria ibadilishwe. Sheria ikaanza kutumika tarehe 1 Februari 2008, na watu wakaiita kwa jina la kijana yule. Sheria yasema hivi: katika jimbo lile mteja alipe kwanza, ndipo ajaziwe mafuta. Tena yaliwekwa masharti ya kumlinda mfanyakazi aliye peke yake usiku.

Tazama jinsi sheria hii ilivyo rahisi. Haikumwambia mfanyakazi, "Usikimbilie gari." Iliondoa sababu ya kulikimbilia. Mafuta yakiisha kulipiwa, gari likiondoka liende zake. Jimbo jingine la Kanada nalo likafuata baadaye. Katika jimbo la Alberta sheria ya kulipa kwanza ilianza mwaka 2018, baada ya wafanyakazi wengine kupoteza maisha kwa njia ile ile.

6. Na sisi je?

Hali yetu si sawa na ya Marekani wala Kanada. Kwetu mhudumu mwenyewe ndiye ajazaye mafuta. Fedha huzipokea kwa mkono wake, akazitia mfukoni au katika mkoba wa kiunoni. Kwa hiyo yeye amekuwa kama kasha lenye miguu! Zamu ikiendelea, fedha zinaongezeka, na hatari yake inaongezeka.

Lakini tunayo njia moja ambayo wale wa mwaka 1975 hawakuwa nayo. Mwaka 2007 M-Pesa ilianza Kenya, na mwaka uliofuata ikaanza Tanzania. Watu wengi huisifu kwa sababu ya kutuma fedha nyumbani. Nami naisifu pia kwa sababu nyingine. Kila shilingi inayolipwa kwa simu haimo mfukoni mwa mhudumu saa nane za usiku. Ni kama lile sanduku la chuma la mabasi ya Washington.

Sheria nazo zipo. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2007. Sheria hizo zote mbili zinamtaka mwajiri aangalie usalama wa wafanyakazi wake. Usalama si zawadi ya mwajiri mwenye huruma.

Basi, mama uliyeniuliza swali, hili ndilo jibu langu. Ukiwa peke yako mbele ya mtu mwenye silaha, uhodari wako hautakufaa. Mpe fedha, umwache aende. Fedha hutafutwa tena. Usiku ule hapatakuwa na nafasi ya kutengeneza mpango. Mpango hutengenezwa mchana, nao ni kazi ya wengi. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari.

Kesho mchana, wewe na wenzako mwendeeni msimamizi wenu kwa heshima, mmwulize maswali haya. Je, ile taa iliyokufa itabadilishwa lini? Je, fedha zinaweza kukusanywa kila baada ya saa chache, badala ya kungoja mwisho wa zamu? Je, mabango yanaweza kuondolewa dirishani? Je, usiku wa manane tunaweza kuwa wawili? Na je, gari likiondoka bila kulipa, nani atakayebeba hasara? Hilo la mwisho ni kubwa. Mfanyakazi ajuaye kwamba atakatwa mshahara atalikimbilia gari, hata akiambiwa mara mia asilikimbilie.

Nawe mwenye duka unayenisikiliza, taa mbili na kasha moja la chuma ni gharama, nakubali. Lakini historia imetuonyesha kwamba wengi walizikubali gharama hizo baada ya msiba. Wewe unaweza kuzikubali kabla.

Maneno ya kujifunza

Zamu: wakati wa mtu kuwa kazini, kabla hajaja mwenzake kumpokea.
Fedha taslimu: fedha za mkononi, noti na sarafu.
Kasha la chuma: sanduku zito la kutunzia fedha.
Mwajiri: mtu au kampuni iliyompa mtu kazi.

Maswali ya kuzungumza katika kundi

1. Ni mambo gani manne yaliyofanya kituo cha usiku kiwe na hatari?
2. Kwa nini wataalamu wa California waliacha maduka 60 bila kuyabadilisha?
3. Wenye maduka wa Gainesville walisema nini, na polisi walisema nini? Wewe waonaje?
4. Taja kituo cha petroli au duka la usiku lililo karibu nanyi. Likiwa ni lenu, mtaanza kubadilisha nini?

Leo usiku ukipita mbele ya duka au sheli, msalimu aliye kazini. Hata salamu humjulisha kwamba hayuko peke yake. Kwaherini wanakisomo wapenzi, mpaka somo lijalo.